Simu ya Makosa

Watu wengi wakisikia habari ya kuchambua nguo hudhani ni kuweka nyeupe huku na za rangi kule, basi, tia maji na sabuni, kazi imekwisha. Watu wa namna hiyo wafue kwao. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, asubuhi moja tu ya Jumatatu ingewaumbua mchana kweupe.

Mchambuzi alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika chumba hicho. Jina la Mchambuzi walimpa wenzake kwa utani, kana kwamba alikuwa mmoja wa wale mabwana wanaoketi studioni kueleza kwa nini timu imefungwa, naye akalipokea kwa sababu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mvi zilizoanzia masikioni, na hakuwa na mke. Si kwamba aliwahi kukataa kuoa. Mambo yalikwenda leo kesho, leo kesho, mpaka wadogo zake wakawa na watoto wa kuozesha, na yeye bado anapika kikombe kimoja cha mchele na kuosha sahani moja.

Kazini alisimama nyuma ya meza ndefu ya bati. Nguo zilimfikia ndani ya toroli, zimefungwa katika mashuka makubwa kama mizigo ya watu wanaohama. Alifungua furushi, akaanza. Kwanza uchafu, halafu rangi, halafu uzito. Ndiyo ilikuwa kanuni. Zenye damu peke yake, zikalowe maji baridi. Aproni za jikoni peke yake, maana mafuta yakishaingia kwenye foronya, mgonjwa atalala ananuka vitunguu. Baada ya hapo ndipo rangi: shuka nyeupe, kijani za chumba cha upasuaji, bluu za wauguzi. Na mwisho uzito, kwa sababu blanketi likiwekwa na shuka humwaga manyoya yake juu ya kila kitu, na tena likinywa maji huelemea upande mmoja, mashine ikaanza kuruka kama inataka kutoka nje. Kila mfuko alitia mkono. Alishakuta kalamu, meno ya bandia, na siku moja kipande cha mkate ambacho mwenyewe alikuja kukidai.

Kanuni hiyo hakuitunga yeye. Alifundishwa na Mama Pacha.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa akisimama ng'ambo ya meza ile siku Mchambuzi anaanza kazi. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hakumkaribisha wala hakumuuliza anatoka wapi. Alimwangalia akiokota shuka lenye damu na kulitupa kwenye fungu la maji ya moto, akamchapa kofi mkononi.

"Wewe! Damu unaipeleka kwenye maji ya moto? Unataka kuipika?"

"Samahani, mama."

"Usiniite mama, tunalingana. Niite Mama Pacha kama wengine. Na hiyo damu itoe humo kabla haijawa mboga."

Huo ndio ukawa mwanzo wa kufahamiana kwao. Miaka ikapita hivyo, meza katikati, mikono ikienda, mdomo wa Mama Pacha ukienda, na Mchambuzi akiitikia. Alijua pacha wake wanasoma nini, nani kati yao ni mvivu, nani kaanza kuchumbiwa. Alijua paa la nyumba yake linavuja wapi. Mama Pacha naye alijua kuwa mwenzake hapendi chai ya tangawizi, na kwamba akinyamaza zaidi ya kawaida yake basi jino linamuuma. Jioni ilipofika kila mtu alikwenda kwake. Mchambuzi hakuona upungufu wowote, kwa sababu asubuhi ingefika tu.

Kisha kifua cha Mama Pacha kikaharibika. Vumbi la nguo na dawa ya madoa vilikuwa vimemwingia miaka yote ile, akawa anakohoa mpaka anashika meza. Daktari akaandika kwamba ahamishwe upande safi, msimamizi akatii, na Jumatatu iliyofuata ng'ambo ya meza hapakuwa na mtu.

Hapa inafaa kueleza jambo, asije mtu akasema, "Si amehamia chumba cha pili tu?" Ndiyo, alihamia chumba cha pili. Lakini kati ya vyumba hivyo kuna ukuta, na ndani ya ukuta zimepachikwa mashine, na kila mashine ina milango miwili. Mmoja hufungukia upande mchafu, nguo zikaingia. Mwingine hufungukia upande safi, nguo zikatoka. Milango hiyo haifunguki yote miwili kwa wakati mmoja, hata uitukane. Nguo huenda upande mmoja tu, hazirudi. Na watu ni hivyo hivyo: wa upande mchafu huingia kwa lango la nyuma, wa upande safi kwa lango la mbele, na saa zao za kutoka hazifanani. Mtu wa upande safi anaweza kuingia upande mchafu akitaka, lakini siku hiyo hana kurudi. Wa upande mchafu akitaka kwenda upande safi, sharti aoge mwili mzima, abadili kila alichovaa, azunguke nje mpaka mbele. Ni kwa ajili ya wagonjwa, na ni sheria nzuri. Mchambuzi aliichukia kwa moyo wake wote.

Ndipo alipogundua kwamba amempenda yule mama, tena kwa muda mrefu. Mtu mzima na mvi zake, anakuja kujua jambo la namna hiyo siku meza imekuwa tupu! Alikuwa akiokota shuka, anainua macho kusema kitu, anakutana na ukuta. Kelele za mashine zilikuwa zile zile, lakini chumba kilikuwa kimya.

Alikuwa na namba yake ya simu, hilo lisimsumbue mtu. Jioni moja alimpigia. Mama Pacha alipopokea na kusema "Haloo, Mchambuzi, kuna nini?" akili ikamruka, akasema amebonyeza kwa bahati mbaya. Angesema nini? Mezani maneno yalikuja yenyewe kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Siku nyingine alikwenda kumngoja lango la mbele. Alimwona akitoka katikati ya wanawake wa pasi, wanacheka, naye akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Ikabaki simu moja tu, simu ya ukutani. Ilikuwa kando ya mashine ya kwanza, na nyingine kama hiyo upande wa pili. Msimamizi aliipiga marufuku kwa soga. Ilikuwa ya makosa: upande safi wakikuta kitu hakikuchambuliwa sawasawa, wanapiga, wanasema, wanakata. Tangu Mchambuzi aachiwe meza, ilikuwa haijalia, kwa sababu hakuwa akikosea.

Kosa la kwanza lilikuwa kosa kweli. Aproni ya jikoni ilijiviringisha ndani ya foronya, hakuiona, ikaingia na shuka nyeupe. Baada ya muda simu ikalia. Akainua.

"Upande mchafu," sauti ya Mama Pacha ikasema, "mmenipikia nini humu?"

Mchambuzi akaukandamiza mkono wa simu sikioni.

"Haloo? Ni wewe, Mchambuzi?"

"Ni mimi."

"Aproni katika shuka! Macho umeyaacha nyumbani? Haya, hujambo lakini?"

"Sijambo. Kifua?"

"Kifua kinaendelea vizuri. Fungua macho, baba."

Akakata. Mchambuzi alisimama pale amekamata mkono wa simu mpaka Redio alipoingia na toroli akamuuliza nani amekufa. Redio alikuwa msukuma toroli, mwanamume wa makamo aliyepata jina hilo kwa kutangaza kila alichokiona, na yeye pekee ndiye aliyezunguka pande zote za hospitali. Mchambuzi alimwambia hakuna aliyekufa. Meno yalikuwa nje siku nzima.

Wiki iliyofuata alikosea kusudi.

Asidhaniwe kuwa mharibifu. Hakuna mtu aliyewahi kukosea kwa uangalifu kama yeye. Alichagua kitu ambacho hakitaumiza chochote: nguo ya kijani iliyokwisha kupauka, isiyo na rangi ya kuambukiza, katikati ya shuka. Soksi ya mgonjwa katika taulo. Siku moja blanketi, jepesi kuliko yote, nalo alilikung'uta kwanza nje. Alilifunga fungu, akafunga mlango wa mashine, akabonyeza, kisha siku yake ikaanza. Alichambua huku sikio likiwa ukutani. Simu ilipolia, moyo ulimdunda kama kijana aliyetumiwa salamu.

"Leo ni blanketi," Mama Pacha alisema. "Kesho utaniletea godoro."

"Macho yamechoka."

"Tafuta miwani basi." Mashine zilinguruma nyuma yake. "Nani anasimama mahali pangu?"

"Hakuna."

"Hawajaleta mtu?"

"Waliniuliza. Nikasema nitaweza peke yangu."

"Mjinga wewe, utaumwa mgongo," akasema, na akakata taratibu.

Maneno hayo ya "mjinga wewe" alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Kila siku aliazimia kwamba simu ikilia tena atasema jambo lake. Ikilia, ulimi unakuwa mzito, anasema macho yamechoka.

Halafu ikaja soksi nyekundu. Aliiona ni kuukuu, akaamini. Kumbe ilikuwa mpya, imechakazwa na matope tu, na ndani ya maji ya moto ikatoa rangi yote iliyokuwa nayo. Fungu zima la shuka likatoka na rangi ya waridi, wadi ya wanaume ikalala juu ya waridi, na msimamizi akaja damu imemchemka. Mchambuzi alikuwa tayari kupokea chake. Lakini Redio alileta habari kabla: Mama Pacha alikuwa amemwambia msimamizi kwamba aliiona ile soksi kwenye kioo cha mashine tangu mwanzo, akachelewa kuisimamisha, kwa hiyo lawama wagawane. Wakagawana. Kila mmoja alipewa onyo, kwenye chumba chake.

Simu ikalia alasiri.

"Umeona ulichofanya?" Sauti ilikuwa ya chini.

"Nisamehe."

"Mchambuzi. Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii."

"Najua."

"Basi niambie. Kuna nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Mlango ulifunguliwa wazi, akasogezewa na kiti. Alifungua kinywa, akaona ukuta mbele yake, akamuona msimamizi kwa mbali, akasema, "Nitanunua miwani." Upande wa pili simu ikakatwa. Tangu siku hiyo hakukosea tena, kwa kuogopa kumponza, na simu haikulia tena.

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Kama kuna anayejua kumtamani mtu aliye hatua chache nyuma ya ukuta, atamwelewa. Mchambuzi alizipeleka nguo upande ule kwa furushi, akijua kwamba mikono itakayozitoa ni ile ile, na wivu ukamshika. Aliyaonea wivu mashuka. Alikuwa akiyapanga vizuri kuliko inavyohitajika, kingo zote upande mmoja, ili yakitoka Mama Pacha asihangaike kuzitafuta. Mashine ilizivuruga zote, bila shaka. Aliendelea kuzipanga.

Redio ndiye aliyeleta habari ile, na mara hii hakuitia chumvi. "Mama Pacha anaacha kazi. Mwanawe mmoja kajifungua, yule aliyeolewa mbali kule. Anakwenda kuishi nao. Ijumaa mkwewe anakuja kumchukua na gari."

"Ijumaa hii?"

"Hii hii. Mbona umekaa?"

Mchambuzi hakujua kwamba amekaa. Alikuwa amekaa juu ya mablanketi.

Ijumaa alikuja kazini na mfuko. Ndani mlikuwa na shati jeupe alilolinunua kwa harusi ya mdogo wake, suruali nyeusi na viatu vya kufunga. Alikuwa amepiga moyo konde. Atamaliza toroli la mchana, ataoga, atazunguka mbele, ataingia upande safi kama binadamu, atasimama mbele yake bila ukuta na kusema. Baada ya hapo, potelea mbali.

Toroli la mchana lilichelewa. Lilipofika lilikuwa limejaa mpaka juu, na hakutaka kuliacha lote, akachambua kwa haraka, akaona muda unamtupa mkono, akaliacha nusu. Akaingia bafuni. Na huko akaoga kama alivyofundishwa, kwa sababu alikuwa anakwenda kwa mwalimu wake: kucha kwa brashi, nyuma ya masikio, nywele, sabuni mara ya pili. Sheria ni sheria, na hakutaka kumpelekea uchafu mtu mwenye kifua kibovu. Alivaa shati, vifungo vikamsumbua. Akatoka, akazunguka jengo zima jua likimwaka kichwani, akafika lango la mbele, akaingia.

Upande safi ulikuwa na joto la pasi na harufu ya nguo zilizokauka. Wanawake wanne walikuwa wanakunja mashuka wawili wawili. Wakamtazama na shati lake jeupe.

"Nimemfuata Mama Pacha," akasema.

Wakatazamana. "Mama Pacha si amekwenda kwenu?" mmoja akasema. "Alitaka kukuaga. Muda mrefu sasa. Kasema leo harudi tena huku, kwa hiyo acha achafuke."

Mchambuzi aliondoka mbio. Mtu mzima, viatu vya kufunga, mbio kuzunguka hospitali, na wagonjwa madirishani wanamwangalia. Nyuma aliliona gari limeegeshwa, kijana mmoja ameketi kwenye usukani, mizigo tayari imefungwa.

Mama Pacha alikuwa amesimama ng'ambo ya meza. Alikuwa amevaa glavu, kitambaa kimefunika pua na mdomo, na toroli lililoachwa nusu lilikuwa linakaribia kwisha. Mafungu yalikuwa yamepangwa kama zamani, la damu kando, la jikoni kando.

"Ulikuwa wapi?" akauliza bila kuinua kichwa. "Nimekungoja mpaka nimekumalizia kazi."

"Nilikuwa naoga. Nilikwenda kwako."

Akainua kichwa. Akaliona shati. Kicheko kikaanza, kikageuka kikohozi, akashika meza. Mchambuzi akasogea.

"Usisogee, utachafuka."

Akasogea. "Nilikuwa nakosea kusudi," akasema. "Zile nguo. Zote, isipokuwa aproni ya kwanza."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Tangu blanketi. Mtu niliyemfundisha mimi haweki blanketi na shuka hata akiwa anasinzia."

"Mbona hukusema?"

Mama Pacha akateremsha kitambaa usoni. "Niseme mimi? Wewe Mchambuzi, umekaa hapa miaka yote hiyo, hujui kazi? Aproni moja ikitokea kwenye shuka, watu huitupa kando wakaendelea. Wewe ukiwa likizo, wenzangu wanakuta makosa ya aliyeshika meza yako, wanayatupa kando. Nani hupiga simu kwa ajili ya soksi?"

Mchambuzi alisimama na mikono yake safi, hajui aiweke wapi.

"Nilikuwa naikimbilia ile simu," Mama Pacha akasema. "Wanawake wa pasi walinicheka mpaka wakachoka."

Nje honi ikalia mara moja, kwa adabu ya mkwe.

"Nakupenda," Mchambuzi akasema. Lilitoka kavu, kama mtu anayetaja namba ya wadi, lakini lilitoka. "Usiende."

Mama Pacha akavua glavu moja, halafu ya pili, akazitupa kwenye ndoo. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

"Neno hilo ungeniambia siku ya soksi, ningebaki. Haki ya Mungu ningebaki. Nilikuuliza kuna nini, nikangoja. Ukaniambia miwani." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Sasa nimeshampa mwanangu jibu. Amelala na kitoto ambacho hajui hata kukishika. Siwezi kumgeuka."

"Hapana. Huwezi."

Honi ikalia tena. Mama Pacha akazunguka meza, akasimama mbele yake, akamfunga kifungo cha shingo ambacho alikuwa amekipachika katika tundu la jirani yake. Mikono yake ilikuwa na unyevu wa glavu.

"Kwani huko ninakokwenda watu wanatembea uchi?" akasema. "Wana hospitali, tena kubwa kuliko hii. Mwanangu kalala pale juzi, kaniambia mashuka yao yana madoa ya mafuta. Hawana mtu wa kuchambua."

Kisha akatoka haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Mlango wa gari ukafungwa. Injini ikawaka, gari likapunguza mwendo langoni, likakata kona, na Mchambuzi alikuwa tayari amemtamani kabla sauti haijapotea. Alikaa kwenye ukingo wa meza na shati lake la harusi, katikati ya nguo alizochambua yule mama kwa mikono yake, na machozi yakamshuka, hakuyazuia.

Redio akaingia akisukuma toroli la jioni, akasimama.

"Bwana Mchambuzi, unalia, au ni ile dawa ya madoa?"

"Nalia," akasema Mchambuzi. "Na kesho ukipita stendi, niulizie mabasi ya huko yanaondoka saa ngapi."